Tundu Katika Jino la Mtoto: Habari za Kuziba Bila Keekee

Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Tunasoma habari za tundu. Ni tundu dogo, pengine dogo kuliko punje ya mtama, nalo limo katika gego la mtoto wako. Lakini tundu hilo lina historia yake, na sehemu moja kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Tanzania. Wanafunzi wa udaktari wa meno huisoma katika vyuo vya nchi za mbali. Yafaa nasi tuisome.

Tuanze na maneno ambayo kila mmoja wetu amepata kuyasikia, awe Bukoba mjini, awe Kamachumu, awe kisiwani Bumbire. Mama anamleta mtoto wa miaka mitano, shavu limevimba. Anaambiwa kwamba gego limetoboka. Naye anajibu, "Waitu daktari, ling'oe tu. Ni jino la utoto, litaota jingine."

Mama huyo hasemi neno la kijinga. Ni kweli kwamba litaota jingine. Swali ni hili: litaota lini?

Mtoto huwa na meno ya utoto 20. La kwanza huchomoza kwenye umri wa miezi 6 hivi, na yote hutimia akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Meno ya mbele huanza kuanguka akifika miaka 6 au 7. Lakini magego ya utoto hayana haraka hiyo. Hukaa mpaka mtoto ana miaka 10, 11, hata 12. Basi shika kalamu, mwanakisomo, ufanye hesabu mwenyewe. Mtoto ameng'olewa gego akiwa na miaka 5, na gego hilo lingeanguka lenyewe akiwa na miaka 11. Atakaa na pengo miaka mingapi? Ni miaka 6. Katika miaka hiyo atatafuna upande mmoja, na meno ya jirani yatalalia kwenye pengo kama migomba inavyolala penye uwazi. Jino la ukubwa likija halitakuta nafasi yake, nalo litaota upande.

Kuna na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, huota gego jipya nyuma kabisa, nyuma ya magego yote ya utoto. Gego hilo halisukumi jino lolote litoke. Kwa hiyo mzazi hudhani kuwa nalo ni la utoto, na likitoboka husema ling'olewe. Kumbe hilo ni jino la ukubwa, na likishang'olewa halirudi tena.

Basi ikiwa jino la utoto lina kazi kubwa namna hiyo, kwa nini kung'oa ndiko kumekuwa tiba ya jino katika sehemu zetu? Watu hawakulipenda koleo. Sababu ilikuwa mashine, na ili tuifahamu mashine hiyo yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Hapo kale, karibu kila taifa duniani liliamini kwamba jino huliwa na mdudu mwenye umbo la funza. Hata Waswahili husema mdudu wa jino. Mwaka 1890 mganga mmoja Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, jina lake Willoughby Miller, alichapisha kitabu kueleza jambo hili upya. Alionyesha kwamba kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari na wanga uliobaki katika meno, kisha hutoa asidi, yaani maji makali kama ya ndimu. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Kwa hiyo wazee hawakukosa sana waliposema kuna mdudu. Walikosea umbo lake na kazi yake. Mwaka huo huo wa 1890, kwa bahati tu, Emin Pasha alikuwa akiweka kituo cha Wajerumani pale Bukoba.

Mwaka uliofuata, yaani 1891, mganga wa meno wa Marekani aliyeitwa Greene Vardiman Black aliandika juu ya namna ya kutengeneza tundu kabla ya kuliziba. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1836, akafa 1915, na kanuni zake zilitawala kazi ya meno duniani kwa muda wa miaka karibu mia moja. Ni lazima tuelewe alichosema, maana bila hicho hatutaelewa kilichobadilishwa Dar es Salaam.

Wakati wa Black, vitu vya kuzibia vilikuwa hasa dhahabu, na mchanganyiko wa zebaki na fedha, bati na shaba. Vitu hivyo ni vigumu kweli kweli, lakini vina kasoro moja: havigandi kwenye jino. Vinakaa tu, kama kabari inavyokaa katika mpini wa jembe. Kwa hiyo ilikuwa lazima tundu lichongwe kwa umbo la kushika. Sakafu iwe bapa, kuta zisimame wima, na ndani pawe papana kidogo kuliko mdomoni, ili kiraka kisichomoke. Black aliongeza sharti jingine. Alisema fundi asiishie pale uozo unapoishia, bali aendelee kuchonga mpaka kwenye mifereji ya jino ambayo bado ni mizima, ili uozo usianze tena ukingoni mwa kiraka. Waganga waliita jambo hili kupanua ili kukinga.

Kwa wakati wake ilikuwa akili njema. Mimi ni Afisa Elimu, si mganga wa meno, lakini naona wazi kwamba mtu yule alikuwa fundi mwenye kufikiri. Shida ilikuja kanuni zake zilipopelekwa katika kinywa cha mtoto. Jino la utoto si jino la mtu mzima lililopunguzwa ukubwa tu. Gamba lake jeupe la nje, liitwalo enameli, ni jembamba, karibu nusu ya unene wa gamba la jino la ukubwa. Chini ya gamba kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ya manjano. Katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya kuhisi maumivu, na katika jino la utoto kiini hicho ni kikubwa na kiko karibu na juu. Chonga humo sanduku la kanuni ya Black, nawe upesi utakuwa umegusa kiini au umebakiza kuta nyembamba zinazovunjika.

Na sanduku hilo halichongwi kwa mkono. Linataka keekee. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hati ya keekee ya meno iliyozungushwa kwa mguu, kama cherehani ya kukanyaga. Baadaye ikaja ya umeme. Mwaka 1957 ikatoka ya John Borden, inayozungushwa kwa hewa iliyoshindiliwa, zaidi ya mara 200,000 kwa dakika moja. Mashine hii ilirahisisha kazi sana huko kwenye miji mikubwa. Lakini ilitaka umeme, pampu ya hewa, maji safi, vipuri, na fundi wa kuitengeneza ikiharibika.

Sasa tuitazame Kagera, ambayo zamani iliitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Hospitali kama Ndolage, Rubya na Kagondo zilijengwa na misheni mbalimbali milimani na vijijini Muleba. Watu walikuwa wengi, vijiji vilikuwa mbali, na visiwa vilifikiwa kwa mtumbwi. Hata mji wa Bukoba, kwa miaka mingi umeme wake ulitoka Uganda kwa njia ya Masaka, nao ulikatika mara kwa mara. Katika hali hiyo koleo ya kung'olea ina faida kubwa: ukiwa na maji ya kuchemshia, sindano ya ganzi na mkono wenye nguvu, kazi inakwisha. Koleo ikawa ndiyo tiba. Ikawa desturi. Na desturi ikishakaa, watu hudhani ndiyo kanuni ya Mungu.

Mpaka mwaka 1979 Mtanzania aliyetaka kuwa daktari kamili wa meno alikwenda kusoma nje ya nchi. Mwaka huo masomo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980 walimu wa pale walikuwa na mpango wa kupeleka huduma ya meno kwa watu. Walikuwa na mashine za kubebeka, yaani kiti, keekee na vifaa vyake, za kuchukuliwa mahali pasipo na kliniki. Katika karatasi mpango ulikuwa mzuri. Katika njia za vumbi mambo yalikuwa mengine. Mashine ilitaka umeme au mafuta, ilitaka gari, ilitaka vipuri, na ikiharibika kazi yote ilisimama na watu wakarudi makwao na maumivu yao.

Kati ya walimu hao alikuwako Mholanzi, Jo Frencken. Yeye na wenzake waliuliza swali ambalo kwa mganga aliyefundishwa kanuni za Black lilikuwa karibu na uasi: je, lazima keekee? Uozo wenyewe ni laini. Unakwanguka kwa kijiko. Basi walichukua vyombo vya mkono tu, wakakwangua uozo laini, wakaliacha jino zima bila kulichonga sanduku, wakajaza tundu kwa saruji ya meno.

Nao waliweza kufanya hivyo kwa sababu saruji ilikuwa imebadilika. Mwaka 1968 Dennis Smith, huko Manchester, Uingereza, alikuwa ametangaza saruji ya kwanza yenye kugandamana na jino lenyewe. Hiyo, iitwayo polikaboksileti, ndiyo iliyotumiwa Tanzania katika majaribio yale ya kwanza. Ilishika, lakini si ngumu sana kwa kutafunia. Nayo London, Alan Wilson na Brian Kent walikuwa wameandika mwaka 1972 habari za saruji nyingine, iliyotengenezwa kwa unga wa kioo na asidi. Inaitwa glasi ayonoma. Ina sifa mbili. Ya kwanza, inaganda kwenye jino yenyewe. Ya pili, inatoa floridi kidogo kidogo, na floridi ni madini yanayosaidia jino kushindana na asidi.

Fahamu basi uzito wa badiliko hili. Kiraka kisichoganda kinataka tundu la kushika, na tundu la kushika linataka keekee, na keekee inataka umeme. Ukipata kiraka kinachoganda, mnyororo wote unakatika.

Njia ile haikubaki Dar es Salaam. Mwaka 1991 ilijaribiwa na kupimwa vijijini Thailand, upande wa Khon Kaen, na mwaka 1993 katika shule za Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hii kwa mataifa yote. Kwa Kiingereza jina lake ni refu, na maana yake ni tiba ya kurekebisha jino bila kujeruhi. Hufupishwa kwa herufi tatu, ART. Hapa nawaonya wasomaji wa Kagera: herufi hizo hizo hutumiwa pia kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mkoa wetu ndio ulioonekana na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na watu wengi wanazijua herufi hizo kwa njia ile. Ukiziona katika kadi ya meno ya mtoto usishtuke. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, yaani jinsi tundu linavyotayarishwa ili kiraka kidumu. Mwalimu wa kikundi asome sehemu hii polepole, tena mara mbili.

Mtoto hulala chali, juu ya meza au benchi, na mganga hukaa nyuma ya kichwa chake. Kwanza jino hukaushwa kwa pamba. Vipande vya pamba huwekwa kando ya jino kuzuia mate, na hubadilishwa kila vinapolowa. Usidharau pamba. Mate na damu ni adui mkubwa wa saruji hii, na kiraka kilichowekwa juu ya unyevu hutoka hata kama kazi nyingine yote ilifanywa vizuri.

Mara nyingi tundu huonekana dogo kwa juu lakini ndani ni pango. Uozo ukishapita enameli huenea chini yake kama mchwa chini ya lipu. Kwa hiyo mganga hutumia chombo chenye ncha bapa mfano wa kishoka kidogo, akakizungusha mdomoni mwa tundu na kuvunja kingo za enameli zilizobaki bila kitu chini yake. Kingo hizo hazina nguvu. Zikiachwa zitavunjika chini ya kiraka. Tundu likipanuka kiasi cha kijiko kuingia, inatosha. Hapanuliwi zaidi ya hapo.

Kisha huja kijiko, chombo kidogo chenye makali ya mviringo. Hapa ndipo penye siri ya kazi, na wengi hupakosea. Mganga huanza kukwangua pembeni, pale gamba la nje linapokutana na dentini, kuzunguka ukingo wote. Hapo husafisha kabisa, asibakize hata kidogo cha laini. Baadaye ndipo huja sakafuni, karibu na kiini, na hapo hufanya kazi kwa mkono mwepesi. Anaondoa kilicho laini kama jibini au ngozi iliyolowa. Akifika kwenye dentini iliyo imara, hata ikiwa imebadilika rangi, huiacha.

Kwa nini kuna sheria mbili katika tundu moja? Wavuvi wa Kemondo wanaweza kutueleza. Mtumbwi wa mbao hauvuji katikati ya ubao, huvuja kwenye maungio. Fundi akikalafati maungio vizuri, chombo kinaelea. Jino ni vivyo hivyo. Saruji ikigandamana na ukingo mzima, ulio safi na mkavu, mate na sukari havipiti. Vijidudu vichache vilivyosalia sakafuni hufungiwa bila chakula, na uozo husimama. Lakini ukingo ukiwa na uozo au uchafu, saruji haishiki, kama lipu isivyoshika ukuta wenye vumbi, nayo njia ya kuvuja itakuwepo.

Waganga wengi wa zamani walishtuka kusikia kwamba kuna kitu chenye rangi ya uozo kinaachwa ndani ya jino. Walikuwa wamefundishwa kukwangua mpaka pawe peupe. Katika miaka ya 1970 Mjapani Takao Fusayama alionyesha kwamba dentini iliyooza ina tabaka mbili. Ile ya juu ni laini, imejaa vijidudu, haiponi tena. Ile ya chini imepoteza madini, lakini msingi wake ni mzima na yaweza kupata nguvu upya. Kukwangua tabaka ya chini katika jino la mtoto ni kukisogelea kiini bila faida.

Tundu likiwa safi, hupakwa asidi dhaifu kwa pamba kwa muda mfupi, kisha huoshwa kwa pamba yenye maji na kukaushwa. Asidi hiyo huondoa vumbi la kukwangua, saruji ipate kushika. Unga na maji ya saruji huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Msaidizi akichanganya kwa kukisia, saruji ikawa nyepesi, kiraka kitalika upesi. Mchanganyiko hujazwa katika tundu na katika mifereji ya juu ya jino, kisha mganga hupaka vaselini kidogo katika kidole chenye glovu na kushindilia kwa nguvu sekunde kadhaa. Saruji inayozidi huondolewa. Mtoto huuma kidogo ili ionekane kama kiraka kimezidi kimo, kwani kiraka kirefu hupigwa kila akitafuna na huvunjika. Halafu asile chochote kwa muda wa saa moja.

Mara nyingi hakuna sindano, wala hakuna mlio wa keekee. Nadhani kwa mtoto hilo la mlio lina thamani kuliko tunavyodhani sisi watu wazima. Mtoto aliyeogopeshwa mara ya kwanza hatarudi kwa hiari mara ya pili.

Je, viraka hivi hudumu? Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa katika nchi mbalimbali na kuyapima pamoja. Katika meno ya utoto yaliyotoboka upande mmoja tu, kama vile juu pa kutafunia, viraka 93 hivi katika 100 vilikuwa bado vizuri baada ya miaka 2. Hiyo ni habari njema. Lakini katika meno yaliyotoboka pande mbili au zaidi, hasa ubavuni panapogusana na jino la jirani, vilivyosimama vilikuwa 62 hivi katika 100.

Tusifiche hesabu hiyo ya pili. Ubavuni ni vigumu kuzuia mate na damu ya ufizi, kiraka hakina ukuta wa kukiegemea, na saruji ikiwa nyembamba hukatika kama kigae. Kwa matundu ya namna hiyo iko njia nyingine. Tangu mwaka 1950 kumekuwa na kofia ndogo za chuma kwa magego ya watoto, na mganga Norna Hall wa Scotland alizoea kuzifunika juu ya gego kwa saruji bila kuchonga wala kukwangua kitu. Mwaka 2006 kumbukumbu za kazi yake zilichapishwa, na njia hiyo ikaitwa kwa jina lake. Sheria yake ni ile ile ya mtumbwi: ziba maungio, funga uozo usipate chakula. Lakini kofia hizo ni lazima ziwepo katika kabati, na zina bei.

Utauliza, ule mchanganyiko wa zebaki umeishia wapi? Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza na kufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wenye jina la mji huo ili kupunguza matumizi ya zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sisi tulio karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita tunaijua zebaki kwa sura. Mwaka 2022 nchi za mkataba ziliamua kwamba mchanganyiko wa zebaki usitumike tena katika meno ya utoto, wala kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa mama mjamzito au anyonyeshaye, isipokuwa mganga aone ni lazima kwa mgonjwa huyo. Hivyo saruji ya glasi ayonoma, ambayo wengine waliiita tiba ya maskini, imekuwa tiba ya watu wote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi.

Huku kwetu je? Mwaka 2009 Emil Kikwilu wa Muhimbili na wenzake walichapisha habari za kliniki kadhaa za serikali ambazo wafanyakazi wake walifundishwa njia hii. Meno yaliyozibwa yaliongezeka, lakini kung'oa kuliendelea kuwa kazi kubwa zaidi. Kwa maoni yangu hapo pana mambo mawili ya aibu. Nchi ambamo njia ilizaliwa haikupaswa kuwa ya mwisho kuizoea. Na saruji ya unga na maji, isiyotaka umeme wala baridi kali, haikupaswa kukosekana katika stoo. Lakini nusu ya lawama ni yetu wazazi. Mganga hawezi kuziba jino linaloletwa likiwa limevimba usaha. Kiini kikishakufa, au mtoto akiwa haamki usiku mmoja bila kulia kwa jino, wakati wa kiraka umepita, na hapo kung'oa huwa ndiyo tiba ya haki.

Jino la utoto limedharauliwa kwa njia nyingine mbaya kuliko hiyo. Tangu miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya meno ya plastiki, na majirani zetu wa Uganda wana imani kama hiyo waiitayo ebiino. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, ufizi wake hupasuliwa na chonge changa kung'olewa kwa kitu chenye ncha. Meno ya plastiki hayako. Kinachong'olewa ni jino halisi lisiloota bado, na watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa sumu ya jeraha. Mtoto anayeharisha anataka maji ya chumvichumvi na zahanati, si kisu.

Turudi kwenye tundu. Jioni hii, mwite mtoto wako penye mwanga, afungue kinywa. Tazama mifereji ya magego na mahali yanapogusana. Doa jeupe kama chaki kando ya ufizi ndio mwanzo. Tundu la kahawia au jeusi ambalo chakula hunasa humo, na mtoto hulalamika akila kitu kitamu au akinywa maji baridi tu, bado linazibika. Mpeleke wiki hii, usingoje usiku wa kilio. Ukifika kliniki ya meno, sema hivi kwa adabu: "Daktari, naomba uangalie kama jino hili laweza kuzibwa kwa saruji ya glasi ayonoma." Ukiambiwa saruji haipo, uliza itakuja lini, na jambo hilo lisemwe katika mkutano wa kijiji, maana dawa isiyoulizwa haiagizwi.

Nyumbani msugulie meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto mdogo sana, na kiasi cha punje ya njegere akitimiza miaka mitatu. Chai yenye sukari isiwe ya kunyonya usiku kucha katika chupa. Na kiraka kikimeguka pembeni, mrudishe mtoto mapema. Mganga husafisha ukingo ule na kuongeza saruji juu ya ile ya zamani, kazi ya dakika chache.